Garanti Ilikwisha Kulika

(Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa parokia moja ya Katuba, Lubumbashi. Umechapwa karibu kama ulivyosemwa.)



Kijana aliyekuja kunichukua nyumbani alinionya njiani. "Papa," aliniambia, "neno la garanti mliseme polepole. Mule ndani wenye lupango, yaani wenye nyumba, na wapangaji watakaa benchi moja." Nikamjibu kwamba hilo ndilo jambo jema la leo. Siku nyingine watu hawa wawili hukutana mbele ya ukuta, mmoja amenyoosha kidole, mwingine amebeba godoro kichwani.

Siku hiyo ya kuhama mnaijua wote. Mkokoteni uko nje, umepakia kitanda, masufuria na mbabula ya makaa yenye majivu ya jana. Mpangaji anatoa ufunguo. Mwenye nyumba anaupokea, hasemi neno la garanti, ile pesa iliyowekwa siku ya kuingia, anaingia ndani. Anatazama dari. Anapapasa ukuta. Anafungua na kufunga mlango mara tatu, mlango ambao kwa miaka minne hakuugusa hata kwa bahati mbaya. Akitoka ana orodha kichwani: rangi imeharibika, kitasa kimelegea, kioo kimoja kina ufa, misumari sita ukutani, saruji imebonyea pale pipa la maji lilipokaa. Anajumlisha. Na ajabu yake ni hii: jumla hufika sawasawa na garanti yote. Nimeishi Katuba miaka mingi, sijapata kusikia nyumba iliyoharibika kwa nusu ya garanti.

Nimekaa katika ugomvi huo kwa namna tatu: kama mpangaji, kama jirani aliyeitwa kupatanisha, na sasa kama mwenye nyumba. Nilichokiona ni kwamba orodha ile huanzia mfukoni ndipo iende ukutani. Pesa haipo. Kwa kuwa haipo, lazima kitu kiwe kimeharibika.

Tuanze na sheria, tuimalize upesi, kwa sababu wengi wenu mnaijua kuliko mnavyojifanya. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji usio wa shughuli za biashara, imeweka kikomo: kwa nyumba ya kukaa, garanti isizidi kodi ya miezi mitatu. Nasikia vicheko huko nyuma. Ndiyo, najua, kuna wanaoitisha minne, mitano, sita, na juu yake komisionere anachukua mwezi wake kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Lakini mitatu ndiyo sheria. Halafu kuna amri ya zamani zaidi, ya tarehe 30 Julai 1888, juu ya mikataba. Iliandikwa kabla mji huu haujazaliwa, na mpaka leo wanasheria wetu wanaitumia. Ndani yake kuna jambo ambalo kila mwenye nyumba angepaswa kulibandika nyuma ya mlango wake: mpangaji arudishe nyumba kama alivyoipokea, isipokuwa kile kilichoharibika kwa kuchakaa au kwa nguvu ambayo mwanadamu haizuii.

Kwa kuchakaa. Nitarudi kwenye neno hilo. Kwanza niulize: pesa ilikwenda wapi?

Mtu akisema mwenye nyumba ni mwizi, mimi humwomba atembee kidogo katika komini hii. Katuba ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, ilipofurika watu. Katika kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière nyumba ilikuwa ya kampuni: ukiachishwa kazi, unatoka. Huku kwetu ulikuwepo utaratibu mwingine, ulioitwa kwa jina la mtawala Mbelgiji Ferdinand Grévisse: mtu alipata kiwanja na mkopo wa vifaa vya ujenzi, akajenga, akalipa kidogo kidogo. Mwaka 1957, miji ya Kongo ilipopewa mabaraza, Katuba ikahesabiwa kati ya komini za mji. Kwa hiyo babu zetu waliijua nyumba kama kitu kinachomea. Unaanza na vyumba viwili, unaongeza jiko, unaongeza aneksi nyuma, unaongeza chumba cha mtoto aliyeoa. Lupango wa Katuba haujamalizika hata mmoja. Pitieni mwone: kila mahali kuna lundo la matofari linalongoja saruji.

Na saruji hutoka wapi? Mama mjane mwenye vyumba vitatu vya kupangisha haendi benki kuomba mkopo. Benki haimjui. Mkopo wake ni garanti. Kijana anakuja na dola 150, miezi mitatu ya dola 50, na kabla hajatundika pazia, dola hizo zimekuwa mabati juu ya chumba cha jirani yake, au karo ya shule, au matanga. Pesa ile inaitwa dhamana, yaani kitu kilichowekwa. Hakuna aliyeiweka. Ilipita.

Tena wengi wa wenye nyumba hawa ni watu wa jasho. Mwaka 2003 kampuni ya migodi ya Gécamines iliwaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, ukaitwa Kuondoka kwa Hiari. Mimi sikumwona aliyekuwa na hiari, lakini jina ndilo hilo. Mtu aliyezoea mshahara, posho ya unga na hospitali ya kampuni alijikuta na bahasha moja na nyumba yake. Bahasha iliisha. Chumba cha mbele kikapangishwa, watoto wakahamia sebuleni. Ukimwona mzee wa namna hiyo anahesabu misumari yako, ujue anahesabu pensheni yake.

Mtaniuliza, kwa nini basi asiiweke pesa ya mwenzake pembeni, hata ndani ya mkebe? Hapo lazima tukumbuke pesa zetu zilivyotutenda. Desemba 1979 Mobutu alifuta noti kubwa, akawapa watu siku chache tu za kuzibadilisha, na waliolala nazo chini ya godoro waliamka na karatasi. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: zaire 3,000,000 za zamani kwa 1. Mwaka 1998 ikaja faranga: zaire mpya 100,000 kwa faranga 1. Fanyeni hesabu pamoja nami. Mtu aliyeweka garanti ya zaire milioni tatu mwaka 1992, kisha akatoka kwenye nyumba mwaka 1998, mwenye nyumba mwaminifu kuliko watakatifu wote angemrudishia sehemu moja ya laki moja ya faranga moja. Sarafu yake haijatengenezwa.

Nchi iliyopita huko haiwezi kuwa na watu wanaoamini pesa iliyolala. Pesa iliyolala hufa, ukuta hausikii habari za zaire. Ndiyo maana garanti sasa inahesabiwa kwa dola, na ndiyo maana, sikilizeni tunavyosema, hatusemi "niliweka dola 150." Tunasema "niliweka miezi mitatu." Katika kichwa cha mtu wa Lubumbashi garanti ni muda.

Mpangaji naye amelielewa hilo vizuri sana. Akijua atatoka mwezi wa saba, anaacha kulipa tangu wa tano. "Mama, nakula garanti yangu." Anaila kweli, mwezi baada ya mwezi, na siku ya mwisho anaondoka hana deni wala dai, ila kitasa kimevunjika na mwenye nyumba hana pa kushika. Wenye nyumba walioumwa hivyo mara moja ndio wanaoitisha miezi sita mara ya pili. Wapangaji walioombwa sita ndio wanaoanza kula mapema. Sitasema nani alianza. Hiyo ni sawa na kuuliza ni mvua ipi iliyotoboa bati.

Nilikuwa mpangaji katika kartie ya Kisale, zamani, na garanti yangu ilikuwa dola 120. Nilipotoka, mama mwenye nyumba, ambaye nilimheshimu na bado namheshimu, alinionyesha mlango wa choo ulioliwa na mchwa. Nikamwambia, "Mama, mchwa ni wa udongo huu. Vichuguu viko mpaka nyuma ya kanisa, matofari yenyewe ya nyumba hii ni kichuguu kilichochomwa." Akaniambia mchwa walikuja ndani ya kitanda changu. Nilirudi mara tano. Mara ya tano akanipa dola 30 na sahani ya bukari, akanieleza kwa sauti ya chini: "Papa, ilikwisha kulika." Ilikuwa imeezeka aneksi. Kwa miaka miwili baada ya hapo, mvua kubwa ikipiga usiku, nilikuwa nikilala nikijua kwamba mahali fulani Kisale mabati yangu yamemkinga mtu.

Sasa turudi kwenye kuchakaa, maana hapo ndipo palipofichwa pesa nyingi.

Nyumba zetu nyingi ukuta wake umekandikwa udongo au saruji nyembamba, na juu yake chokaa au rangi ya bei ndogo. Mvua inaanza Novemba, inapiga mpaka Machi, na maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Ukuta unatoa ukungu hata kama ndani yake amekaa malaika. Kisha kuna moshi. Nani amepaka dari masizi? Mpangaji, mtasema, aliyepikia ndani. Lakini umeme wa SNEL ukipotea siku tatu mwezi wa Januari, na nje kunanyesha, yule mama mpangaji awashe wapi mbabula yake? Kama nyumba ilipangishwa bila jiko lenye paa, masizi yale mwenye nyumba aliyapangisha pamoja na chumba. Nalisema hili nikijua kuna wanaokunja uso.

Kuharibu ni kitu kingine. Mpira wa mtoto uliovunja kioo, huo ni wa mpangaji. Tundu la kupitishia waya wa umeme wa kuiba, nalo ni lake, hata kama jirani ndiye aliyemtuma fundi. Mlango uliopigwa teke usiku wa ugomvi. Hivyo havihitaji mwanasheria.

Kinachohitaji akili ni kile kilichoharibiwa na mpangaji na muda kwa pamoja. Rangi, kwa mfano. Tuseme kupaka chumba ni dola 60 pamoja na fundi, na tukubaliane kwamba rangi ya namna ile hukaa miaka mitano. Mpangaji amekaa minne, na watoto wake wamechora ukuta wote kwa makaa. Ameharibu nini? Ameharibu mwaka mmoja uliobaki, basi. Dola 12. Zile nyingine 48 zilikuwa zimekwisha kuliwa na jua, mvua na siku, na mwenye nyumba alizilipwa ndani ya kodi. Ufaransa mwenye nyumba na mpangaji wanaweza kuafikiana tangu mwanzo juu ya jedwali la uchakavu linalosema rangi inaishi miaka mingapi na mlango mingapi. Sisi tunaweza kuliandika kwenye ukurasa mmoja wa daftari la shule.

Na hapa ndipo tunapokwama, kwa sababu siku ya kuingia hatuandiki kitu. Wanasheria wanaita état des lieux. Mimi naiita hati ya hali ya nyumba. Sheria ya Wafaransa ya mwaka 1804, ile ya Napoleon ambayo Wabelgiji waliirithi, ilikuwa kali: bila hati hiyo, mpangaji anahesabiwa kuwa alipokea nyumba nzuri, na ni juu yake kuthibitisha vingine. Wenye nyumba wetu wengi husema hivyo hivyo bila kumjua Napoleon. "Ulipoingia ilikuwa mpya!" Lakini Wabelgiji wenyewe waligeuza jambo hilo kwa sheria ya tarehe 29 Desemba 1983. Kwao sasa, ikiwa hakuna hati yenye maelezo kamili, mpangaji anahesabiwa kuwa aliipokea nyumba katika hali ile ile anayoirudishia. Ufa ulikuwepo, mpaka mwenye nyumba aonyeshe haukuwepo. Mara moja kila mwenye nyumba wa Brussels akapata hamu ya kuandika. Ndugu zetu wanaoishi huko, mtaa wa Matonge, wanaweza kuwasimulia: siku ya kuingia mnazunguka chumba kwa chumba saa nzima, mnaandika mpaka alama ya kikombe juu ya ubao wa dirisha.

Huko pia garanti haiingii mfukoni mwa mwenye nyumba. Inalala benki, kwenye akaunti iliyofungwa, kwa jina la mpangaji, na hakuna anayeitoa peke yake: wakubaliane wote wawili, ama jaji aamue. Uingereza tangu Aprili 2007 mwenye nyumba analazimika kuisajili garanti kwenye mfuko wa ulinzi, na asipofanya hivyo anaweza kuamriwa kumlipa mpangaji mpaka mara tatu yake. Quebec wamekata mzizi kabisa: mwenye nyumba haruhusiwi kudai garanti, zaidi ya kodi ya mwezi wa kwanza. Dar es Salaam, nilikopita zamani, uchungu uko upande mwingine: watu huombwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, wanahangaika siku ya kuingia kuliko siku ya kutoka.

Je, akaunti iliyofungwa ingewezekana Katuba? Kijana mmoja alinijibu juzi: "Papa, pesa iko kwenye simu siku hizi." Ni kweli, tunatumiana M-Pesa na Airtel Money mpaka kwa nyanya. Lakini ukimlazimisha yule mjane wetu afungie dola 150 mahali asipozigusa, umemwondolea mkopo pekee aliokuwa nao, na atauongeza ndani ya kodi ya kila mwezi. Mnaosema "tufuate Ubelgiji" jibuni kwanza hilo. Mimi bado sijaona jibu linalonitosha.

Ninachokiona kinawezekana ni kidogo zaidi. Mwenye nyumba akila garanti, akubali kwamba amekopa. Mkopo una tarehe. Mpangaji akitoa taarifa ya kuondoka, muda ule wa taarifa ndio wa kutafuta pesa, siyo wa kutafuta nyufa. Hakuna ubaya kumwambia, "Mwanangu, garanti yako niliijengea. Nitakupa ya mwezi mmoja siku ya kutoka, na mingine mpangaji mpya akiingia." Maneno hayo, yakiandikwa na kushuhudiwa na shefu wa kartie, yamenyamazisha ugomvi mwingi kuliko mawakili. Aibu ya kuyasema ndiyo inayotuma watu kwenye kitasa.

Wakishindwana, iko ofisi ya makazi ya komini, ile ya habitat. Waende hapo kwanza wapatanishwe, kabla ya kufika mahakamani, Tribunal de paix. Najua kwa nini hawaendi. Mpangaji anaogopa gharama ya karatasi kuliko garanti yenyewe. Na mwenye nyumba hapendi kuonyesha mkataba, kwa sababu mkataba ukionekana, watu wa DRHKAT, wakusanya kodi wa mkoa, nao watakumbuka kodi ya mapato ya nyumba. Basi wote wawili wanakaa gizani, na gizani mwenye sauti kubwa hushinda.

Nilisema kwamba sasa mimi ni mwenye nyumba pia. Nina vyumba viwili nyuma. Mpangaji wangu wa kwanza, mwalimu, kijana mtulivu, alikaa miaka mitatu, akaniaga kwa adabu. Pesa yake ilikuwa imekwisha kuwa dirisha la chuma. Nikaingia ndani. Nikasikia kinywa changu mwenyewe kinasema, "Na rangi hii?" Mama watoto alikuwa nyuma yangu. Akasema, bila ukali, "Rangi hiyo ulipaka mwaka tuliomzika muyomba wako. Mwalimu alikuwa hajafika." Nilimlipa kwa mafungu mawili. La pili lilichelewa wiki tisa, na kila Jumapili tulipoonana kanisani alinisalimu mimi kwanza, jambo lililonitesa kuliko kama angenidai.

Mpangaji aliyefuata ni dada anayeuza vitenge. Katika miezi mitatu aliyolipa, mmoja niliutunza. Miwili, sitawadanganya, ilikwenda kwenye saruji, na tumeandikiana hivyo. Kabla hajaleta vitu vyake tulizunguka na daftari. Alikuja na futi ya cherehani yake. Mlango, mzima, unagusa sakafu kidogo. Vioo vinne, kimoja kina ufa kwenye pembe. Dari, masizi upande wa jiko, ya zamani. Nyuma ya mlango, ufa wa ukuta: akaupima, santimita 41. Nikadhani tumemaliza, nikafunga daftari. Akaniomba nilifungue tena, akaonyesha juu ya dirisha, pale nilipokuwa nikitundika koti langu nikipaka rangi.

Tukaandika: misumari minne, ya mwenye nyumba.